Maswali kwa Mwalimu: Picha za watoto wa Haubi

Toleo lililopita gazeti hili lilichapisha picha zangu kumi na mbili za wanafunzi na za maisha ya mji mdogo wa Kondoa. Nilizipiga kati ya mwaka 1978 na 1994 nikiwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Haubi, mkoani Dodoma. Mhariri ameniletea bahasha nzima ya barua na ujumbe wa simu. Zote nimezisoma. Hizi chache ndizo ninazoweza kuzijibu kwa leo, na nyingine zimenifanya nifungue tena makopo ya biskuti ninamotunza mikanda yangu ya filamu.

Shikamoo Mwalimu. Katika picha zako karibu watoto wote wamenuna. Hata wale wasichana wanaocheza rede hawacheki. Mlikuwa mnawachapa sana? (Msomaji wa kike, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Fimbo zilikuwepo na mimi nilizishika, sitakuficha. Ila hizo nyuso zina sababu nyingine.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Lubitel 2 ya Kirusi, niliyoinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Urusi. Ni kiboksi cheusi chenye macho mawili, moja juu ya jingine. Huiweki usoni. Unaiweka tumboni, unainama, unatazama kioo cha juu, na mle ndani kulia kunakuwa kushoto. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu. Filamu yenyewe ilitoka Dodoma au Arusha kama ipo, na miaka ile mara nyingi haikuwepo. Ikiisha, namkabidhi kondakta wa basi aipeleke studio Dodoma ikasafishwe, na picha zinarudi baada ya wiki tatu, mwezi, wakati mwingine msimu wa mvua wote.

Kwa hiyo mtoto alikuwa na nafasi moja. Mama yake alijua hivyo tangu jana yake. Alimpaka mafuta uso mzima, akamfunga kifungo cha shingoni, akamwambia asimame kama mtu. Kupigwa picha lilikuwa jambo la watu wazima, sawa na kwenda kutoa ushahidi barazani. Walisimama kama wako paredi, mikono imenyooka mapajani.

Na mimi nilikuwa nimeinama. Hawakuyaona macho yangu, waliona utosi. Wale wa rede waliacha kucheza wakasimama kunitazama, mmoja bado ameshika chupa ya mchanga. Kicheko kilikuja baada ya mlio wa kamera. Walicheka hasa, wakakimbia, na mimi tayari nilikuwa nazungusha filamu kwenda kwenye picha nyingine iliyokwisha ahidiwa mtoto mwingine. Kicheko hicho nakisikia hadi leo, ila sikuwahi kukipata kwenye karatasi.

Mwalimu, nimeziangalia zile picha sita ndogo za wavulana wa darasa la saba, 1981. Wote mashati yao yana kiraka begani, upande uleule. Ndivyo sare zilivyoshonwa kwenu? (Fundi cherehani, Singida)

Una jicho la fundi kweli. Mhariri hakuliona, na mimi nilikuwa nasubiri kama kuna atakayeliona.

Ni shati moja.

Mwaka 1981 nguo dukani ilikuwa habari ya kusimuliwa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, chumvi, na siku nyingine sabuni ya mche. Ukisikia kitambaa kimefika, foleni inaanza alfajiri na kitambaa kinaisha kabla ya saa nne. Watoto wengi walikuja shuleni na kaptula ya kaka mtu na fulana iliyobaki mshono. Mimi nilitaka kila anayemaliza darasa la saba awe na picha yake ya uso, kama ya pasipoti, aende nayo nyumbani. Wale wavulana wakasema hawapigwi picha na matambara. Mmoja wao baba yake alikuwa fundi wa barazani kama wewe, naye ndiye pekee aliyekuwa na shati jeupe zima, lenye kiraka kilichoshonwa vizuri kwenye bega la kushoto.

Wakaenda nyuma ya darasa. Anatoka mmoja amevaa, anasimama mbele ya ukuta, napiga, anarudi nyuma ya darasa mbio, anatoka mwingine. Ilikuwa Oktoba, saa sita mchana, jua la Irangi, huku kwetu vilimani Kondoa, unalijua. Ukizitazama negativu, yaani filamu zenyewe zilizokwisha safishwa, kwa lenzi ya kukuzia, utaona kola inavyobadilika. Kwenye picha ya kwanza ni kavu na imesimama. Kwenye ya tatu ina mstari mweusi wa jasho shingoni. Kwenye ya sita imelala kabisa, imeshikamana na ngozi, na kifungo cha pili kimeng'oka. Kwa kola hiyo naweza kukuambia nani alitangulia na nani alifuata, ingawa zile negativu nilizikata zikachanganyika.

Yule wa sita ndiye mwenye shati. Aliwatanguliza wenzake wote watano, yeye amekaa kifua wazi nyuma ya darasa, ndipo akavaa shati lake mwenyewe likiwa limelowa jasho la watu. Sikumwagiza. Nilikuwa nawafundisha Siasa wakati ule, maneno ya Ujamaa nimeyaandika ubaoni mara nyingi sana, na sijui kama somo langu lolote lilifika pale alipofika mtoto yule peke yake.

Nasoma kilimo chuoni, Morogoro. Nyuma ya wanafunzi wako naona kilima chekundu kimepasuka kama kimelimwa na jitu. Kwenye picha ya 1992 kilima kilekile kina miti. Umehama, au ni palepale?

Ni palepale. Kila mwaka darasa la saba nililisimamisha mahali pamoja, penye jiwe kubwa kando ya uwanja, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa zuri pale. Sikuwaza kilima hata kidogo. Niliwaza vichwa vya watoto.

Mambo ya udongo unayasoma, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, sisi tunauita HADO kama jina la mtu, wakachimba makingamaji na kupanda miti na mkonge. Halafu mwaka 1979 ikatolewa amri kwamba mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Miaka kadhaa baadaye ndipo watu walipoanza kufuga ng'ombe wa maziwa, tena bandani, kwa kukata majani.

Vitabuni utasoma habari ya nyasi zilivyorudi, na ni kweli zilirudi, picha zangu zinashuhudia. Lakini weka picha ya 1979 kando ya ile ya 1980 uhesabu vichwa. Mstari wa nyuma, wa wavulana wakubwa, umepungua. Familia zilizokuwa na mifugo ziliipeleka kwa ndugu walio nje ya mpaka wa amri, na ng'ombe haendi peke yake. Wanafunzi wangu wanne walikwenda na mifugo na hawakurudi darasani, na mwaka huo ulikuwa wa tatu tu tangu Elimu ya Msingi kwa Wote ianze 1977, tukipita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto. Wazee walilia siku ile ya kuswaga. Nilikuwa na kamera begani nikashindwa kuitoa.

Njoo uzione ukipenda. Chukua nakala ufanyie kazi ya chuo, lakini uandike habari ya wale wanne pia.

Baba yetu alikuwa mwalimu wilayani Mpwapwa. Amefariki mwaka jana akaacha sanduku la bati limejaa mikanda ya picha. Ukilifungua linanuka siki. Kuna na albamu mbili zilizoganda. Ndugu wanasema zichomwe, zinaleta harufu ndani. Tufanyeje? (Binti wa marehemu mwalimu)

Poleni sana kwa msiba. Tafadhali msichome. Kama kiberiti kipo karibu na sanduku hilo, kiondoeni sasa hivi, ndipo msome mengine.

Harufu ya siki ndiyo habari yenyewe. Filamu nyingi za zama zetu zilitengenezwa kwa plastiki aina ya aseteti. Ikikaa kwenye joto na unyevu inaoza taratibu na kutoa asidi ileile ya siki. Ikiwa imefungiwa kwenye bati, ile asidi haina pa kutokea, inaendelea kuila filamu hiyo na kuziambukiza zilizo jirani. Hakuna dawa ya kuirudisha. Unachoweza ni kuichelewesha, na kuiwahi.

Toeni mikanda yote sandukuni. Itandazeni kwenye kitambaa safi, ndani, penye hewa na kivuli, msianike juani. Shikeni kingo tu, kwa mikono mikavu. Inayonuka itengeni na isiyonuka. Kila kipande kifungwe kwenye karatasi nyeupe isiyo na wino, si gazeti, wala mifuko ya plastiki ya dukani. Mkanda uliojikunja kama kipande cha ganda msiulazimishe kunyooka, utapasuka.

Halafu anzeni kunakili ile inayonuka zaidi, ndiyo mgonjwa mahututi. Mkipata skana yenye taa ya filamu, wekeni nukta 2400 kwa inchi au zaidi kwa mkanda wa kawaida. Picha za karatasi, 600 zinatosha. Kama hakuna skana, mimi hufanya hivi: usiku, taa zimezimwa, nachukua kishikwambi cha mjukuu, naweka ukurasa mweupe mtupu, mwanga hadi mwisho. Juu yake naweka vipande viwili vya ubao vya unene wa vidole viwili, juu ya mbao kioo kisafi, juu ya kioo filamu. Ikigusa kishikwambi moja kwa moja utapiga picha ya vijidoti vya skrini. Simu naishikiza juu kwa rundo la vitabu, isitikisike. Baadaye programu ya simu inageuza nyeusi kuwa nyeupe. Mara ya kwanza uso wa mtu unapogeuka mbele yako, jiandae. Mimi nililazimika kutoka nje.

Albamu zilizoganda, za kurasa zenye gundi, msizivute kwa kucha. Pitisheni uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, taratibu, kama unakata sabuni. Picha ikigoma, iacheni hapohapo muipige ilivyo. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, mji mwingine ikiwezekana.

Sasa la muhimu kuliko yote hayo. Tafuteni majina wakati wenye kuyajua wangali hai. Hapa ndipo nilipokosea maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa na rejista ya mahudhurio mbele yangu kila asubuhi, majina yote, na sikuandika hata moja nyuma ya picha. Niliamini kwamba sitawasahau. Nilistaafu mwaka 2014, na sasa nakwenda mnadani Kondoa na picha zilizokuzwa, natandaza mkeka karibu na mama ntilie mmoja aliyeniruhusu, naweka mawe juu zisipeperuke. Watu wanainama, wanaita wenzao. Nimegundua kwamba wanaume wanakumbuka majina ya utani ya mpirani, na wanawake wanakumbuka mtoto wa nani, alizaliwa mwaka wa njaa gani, mama yake alitoka ukoo upi. Anzeni na bibi wa hapo jirani. Andikeni kwa penseli laini, pembeni nyuma ya picha, msikandamize, wala msitumie kalamu ya wino.

Mimi ni mwalimu kijana, Nkasi. Nawapiga picha wanafunzi wangu kwa simu na kuweka Facebook na WhatsApp. Mkuu wa shule amenikataza. Lakini kupitia picha hizo wafadhili walituletea madawati kumi. Nimekosea wapi, mwalimu wangu?

Mwalimu mwenzangu, nitakueleza jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 1986 alikuja mgeni wa shirika fulani, mtu mpole, akazipenda picha zangu. Aliniomba moja: mtoto wa darasa la kwanza amekaa chini, anakula kiporo cha ugali wa uwele kwenye bakuli, nguo imechanika kifuani. Nilimpa. Niliona fahari. Mwaka uliofuata ikaja shuleni kalenda yenye picha ile, na chini yake maneno kwamba mtoto huyu ni yatima na hana chakula. Mama yake mtoto alikuwa hai, anaishi hatua mia tatu kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Ugali ule aliupika yeye. Nguo ile ilichanika asubuhi ileile kwa kupanda mwembe.

Alikuja ofisini na kalenda imekunjwa kwenye kanga. Hakupiga kelele. Aliifungua juu ya meza, akaniuliza: "Mwalimu, mimi nimekufa lini?"

Nilimwomba radhi siku hiyo, nikaenda tena nyumbani na mzee wa kijiji. Alinisamehe. Lakini kalenda zilikuwa zimeshasambaa nchi nisizozijua, na ukutani kwa watu yule mama alikuwa maiti mwaka mzima.

Mkuu wako wa shule yuko sahihi. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto inazihesabu kuwa nyeti. Kwa majirani zetu Kenya, mwaka huohuo wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, yule mama angekuwepo.

Sikwambii uache kupiga. Piga, kwa sababu miaka arobaini ijayo shule yako itataka kujua ilifananaje. Ila kupiga ni jambo moja na kurusha ni jingine. Kwa ajili ya madawati, picha ya dawati lililovunjika inatosha. Piga picha za migongo, mikono inayoandika juu ya paja, safu ya vidumu vya maji mlangoni. Sura ya mtoto, jina lake na jina la shule visikae pamoja mtandaoni. Mzazi aitwe aione picha kwenye simu yako kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema hapana, iwe hapana bila kumnunia. Halafu chapisha kwenye karatasi, umpe mtoto yake. Watoto wako wamepigwa picha mara mia na simu yako, na pengine hakuna hata mmoja aliye nayo nyumbani.

Mwalimu, picha ya tisa, wasichana wawili wamebeba debe la maji kwa mti mabegani. Wa kulia, mwenye kitambaa kichwani, ni dada yangu mkubwa. Alifariki mwaka 1985 kwenye uzazi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Wanawe hawajui alifananaje. (Dodoma)

Mdogo wangu, barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa.

Nimeitafuta negativu, ipo, haijaoza. Ni ya Agosti 1979. Tulikuwa tunafyatua tofali za darasa la tano, na wasichana wakubwa walichota maji bondeni. Debe lile lilikuwa linavuja, ndiyo maana upande mmoja wa sketi ya dada yako unaonekana mweusi, umelowa. Hakunitazama mimi. Ametazama mbele, penye njia, kwa sababu mti ulikuwa unateleza begani na mwenzake alikuwa mfupi. Ukikuza utaona ameusogeza mti kwa mkono wa kushoto ili debe limwelemee yeye zaidi.

Nimechapisha nakala tano, moja kubwa na nne ndogo, idadi uliyoniambia ya watoto wake. Zitakuwa kwa mhariri kufikia Ijumaa, utazichukua bila malipo. Kwenye gazeti picha ilikatwa chini. Hizi zina miguu yao yote.

Jina lake nimeshaliandika nyuma kama ulivyonipa. Nakuomba jambo moja: waulize wazee wa nyumbani kama kuna anayemkumbuka yule mwingine, mfupi wa kushoto, mwenye kovu juu ya nyusi. Mkekani mnadani hakuna aliyemtambua.